Sindano za kuamsha kolajeni, usizihukumu wiki ya kwanza

Jamani mtu akisema filla, yaani sindano ya kujaza uso, wengi wetu tunawaza ile jeli ya asidi ya hayaluroniki, unaingia kliniki mashavu yamebonyea unatoka yamejaa, imeisha hiyo. Hizi za kuamsha kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, ni habari nyingine kabisa, na watu wanagombana na madaktari wao bure kwa kutolijua hilo.

Mi nilichomwa Sculptra. Inakuja unga mweupe mkavu kwenye kichupa, nesi akaweka maji ya sindano na ganzi akautikisa weee mpaka ukatoa povu. Kilichomo ni asidi ya polilaktiki, jamii ya zile nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Siku hiyo uso ulijaa vizuri mno, selfi kama zote, siku chache mbele hola, mashavu yale yale. Kama hukuambiwa mapema utaapa umepigwa. Kumbe kilichojaza ni maji tu, yakishafyonzwa zinabaki chembe ndogo ndogo, mwili unazizingira na taratibu unatengeneza kolajeni yako mwenyewe palepale, na hiyo ni kazi ya wiki hadi miezi. Ndo maana unachomwa kwa awamu zinazoachana wiki kadhaa, afu matokeo yakikaa yanaweza kufika miaka miwili na zaidi.

Sasa hatari iko hapa. Mtu haoni kitu, anarudi wiki ya pili anang'ang'ania aongezewe, daktari mpenda hela anaongeza, kolajeni ikija kuota inaota kupita kiasi. Na hii huwezi kuirudisha! Jeli ya hayaluroniki ikiharibika ipo dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidesi, ila kwa Sculptra na mwenzake Radiesse, nayo ya kuamsha kolajeni, haifanyi kazi. Kwa hiyo daktari anayekwambia "tuweke kidogo tusubiri" huyo ndo wa kwako, anayekuahidi uso mpya siku hiyo hiyo kimbia.

Balaa linaloogopwa zaidi ni vinundu, unapapasa shavu unakuta vigoroli vigumu chini ya ngozi, saa nyingine vinatokea baada ya miezi. Mara nyingi dawa ilichanganywa nzito, au sindano iliingia juujuu badala ya chini, au ilipigwa sehemu isiyotakiwa. Midomo hapana, kuzunguka macho hapana, hizo sehemu zinachezacheza sana na ngozi yake nyembamba. Siku hizi wanazimua na maji mengi kuliko zamani na vinundu vimepungua. Ukirudi nyumbani unasugua uso, kanuni wanayotupa ni dakika tano, mara tano kwa siku, siku tano. Inachosha lakini sugua.

Kama una historia ya keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda, sema kabla hujalala kwenye kile kitanda, manake dawa ambayo kazi yake ni kuamsha kolajeni na mwili ambao tayari haujui kuacha kuitengeneza, hapo unatafuta nini? Mimba, chunusi zilizoiva au maambukizi usoni, subiri kwanza. Dawa za kuyeyusha damu nazo zitaje, usiziache kimyakimya mwenyewe.

Halafu kuna dharura ambayo sio ya kusubiri kesho. Ngozi ikipauka ghafla au ikawa na madoa kama wavu, maumivu makali yasiyo ya kawaida, macho kuona ukungu, hapo huenda dawa imeingia au imebana mshipa wa damu na mtu anaweza kupofuka, hospitali muda huo huo. Muulize daktari kabla ya sindano atafanya nini hilo likitokea, na uangalie anavyojibu.

Na boksi lifunguliwe mbele yako, piga picha jina na namba ya bechi. Miaka miwili ni mirefu, siku ukipata kinundu daktari mwingine atataka kujua una nini humo ndani.