Sufuri Tatu

Desemba 2014, chuo kikiwa kimefungwa na joto la kaskazi limejaa hadi ndani ya maktaba, nilikabidhiwa kazi ya kuhamisha katalogi yetu kutoka mfumo wa zamani kwenda Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Chuo chenyewe sikitaji; kiko Mombasa, na waliokuwapo watajitambua. Mfumo wa zamani ulikuwa ukikaa katika kompyuta moja chini ya meza ya kaunta, na siku ikikataa kuwaka tuliazimisha kwa daftari mpaka fundi afike. Koha haikuhitaji leseni ya kununua. Ilianzishwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ambazo mfumo wao ulihofiwa kutouvuka mwaka 2000, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Mkutubi Mkuu alilipenda sana neno hilo, hasa akiwa mbele ya watu wa fedha.

Vitabu vyetu vilikuwa na bakodi za aina mbili. Vya zamani vilibandikwa namba za tarakimu tano, zilezile za daftari la mapokezi. Vilivyoingia baadaye vilipewa lebo za kuchapishwa zenye tarakimu nane, zikianza na sufuri. Unyevu wa bahari ulizikunja lebo hizo pembeni, tukawa tunazifunika kwa utepe mwangavu ambao nao haukukawia kugeuka rangi ya chai ya mkandaa. Basi 41277 ilikuwa kitabu kimoja, na 00041277 kitabu kingine kabisa, na ile kompyuta ya chini ya meza, pamoja na ukorofi wake wote, haikuwahi kuvichanganya.

Kosa nililifanya mimi mwenyewe, usiku, kwa nia njema. Data ilitoka mfumo wa zamani kama faili la maandishi matupu, na ilitakiwa ipite moja kwa moja kwenye programu ya MarcEdit ili igeuzwe kuwa rekodi za MARC, muundo ambao mifumo ya maktaba huuelewa. Niliona ina uchafu mwingi: majina ya waandishi yaliyoandikwa mara mbili, nafasi zilizozidi, miaka iliyoingia mahali pa wachapishaji. Nikaifungua kwa Excel niisafishe kwanza. Safu ya ISBN, namba ya kimataifa ya kila kitabu, ilinitokea ikiwa imejaa 9.78E+12, nikashtuka, kisha nikabadilisha umbo la safu na tarakimu kumi na tatu zote zikarudi. Nilijiona bingwa. Kwa kuwa nilikwisha kulishika kosa moja la programu ile, sikuwaza kwamba kuna jingine katika safu ya pili yake: Excel ilikuwa imezihesabu bakodi zetu kuwa namba, na kwenye namba sufuri ya mbele haina thamani. Nikahifadhi juu ya faili lilelile.

Rekodi zilipoingia, Koha ilinipa taarifa fupi iliyosema, pamoja na mengine, kwamba baadhi ya nakala zimeachwa kwa sababu bakodi yake tayari ipo. Nilidhani ni zile rekodi zilizojirudia ambazo nilizijua. Nilibonyeza, nikafunga, nikaenda kupanda matatu.

Januari chuo kilifunguliwa. Kijana wetu wa kaunta akagundua mapema kwamba vitabu vingi havisomeki kwenye mashine, na akagundua pia kwamba akiiandika namba kwa mkono bila zile sufuri, mashine inakubali. Hakuniambia, maana kwake lilikuwa tatizo alilokwisha kulitatua. Tukaazimisha hivyo siku tatu.

Aliyetuzindua ni mama mmoja aliyekuwa kaunta tangu enzi za kadi, ambaye alikuwa na desturi ya kukisoma kwa sauti kichwa cha kitabu kabla hajakikabidhi. Siku ya nne alimshikia mwanafunzi kitabu cha injini za meli, akautazama ukurasa wa skrini, akakitazama kitabu, akaniita.

"Mwanangu, njoo. Mashine yasema uhasibu. Mimi naona injini."

Lebo ilikuwa 00041277. Nilisimama pale na kitabu mkononi, jasho likinitoka ingawa feni ilikuwa juu yangu, maana nilijua papo hapo ni nini na ni nani. Nikaenda kuangalia ISBN ili nipate hakika. Vitabu vya Kenya, ambavyo namba zake za zamani huanza na 9966, vilikuwa salama. Vya London na New York vilivyoanza na sufuri vilikuwa na tarakimu tisa badala ya kumi, isipokuwa vile vilivyoishia na X, kwa kuwa herufi hiyo moja iliilazimisha programu izione kuwa maandishi na kuziacha kama zilivyo.

Kuongeza sufuri upya kwa mkupuo hakukuwezekana. Ningeziongeza kwenye namba zote, vitabu vya zamani vingeharibika. Na zile nakala zilizoachwa hazikuwamo ndani ya mfumo hata kidogo. Koha huruhusu kulitangua fungu la rekodi zilizoingizwa, lakini tayari watu walikuwa wameazima. Kilichotuokoa ni uzembe wa ofisi nyingine: kompyuta ya zamani, iliyopaswa kuchukuliwa pamoja na vifaa chakavu, ilikuwa bado chini ya ngazi ikingoja saini. Tuliiwasha, tukaitoa data upya, na safari hii sikuifungua kwa chochote.

Jambo lililonikera ni kwamba rekodi za vitabu vya kielektroniki, ambazo kila mtu alizihofia, ziliingia bila doa. Zilitoka kwa wachapishaji zikiwa MARC tayari, viungo vikiwa mahali pake kwenye sehemu ya 856, na hazikupita mikononi mwangu. Ubovu wake ulijitokeza kwingine: hifadhidata tulizolipia kwa pamoja na vyuo vingine kupitia KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, ziliitambua anwani ya intaneti ya chuo peke yake, kwa hiyo mwanafunzi aliyekuwa kwao Likoni alibonyeza kiungo kizuri na kukuta mlango umefungwa. Hilo lilingoja seva ya kupitishia maombi ya walio nje ya chuo, na seva ilingoja bajeti.

Mikopo ya zile siku tatu tuliirekebisha kwa mkono. Tulitoa orodha, tukawatumia wanafunzi ujumbe waje na vitabu walivyochukua, na kwa zaidi ya wiki mbili nilikaa kaunta nikilinganisha kitabu na jina. Wengi walikuja. Baadhi walidhani tunawatafutia faini, wakanyamaza.

Miaka miwili baadaye msichana mmoja aliyekuwa anamaliza alinijia na fomu ya kliaransi.

"Shikamoo, mwalimu. Wanasema nina kitabu cha uhasibu. Mimi nasoma uhandisi."

"Marahaba. Ulichukua lini?"

"Mwaka wa kwanza, tulipofungua. Kile cha injini nilikirudisha zamani."

Nikamwambia aketi. Nilipanda ghorofa ya pili hadi kwenye vitabu vya uhasibu, nikakivuta kile chenye 41277 kikiwa na vumbi juu yake, nikashuka nacho, nikakipitisha kwenye mashine kama kilichorudishwa, nikamtilia saini.

"Kwani kilikuwa wapi?" akauliza.

"Kilikuwa rafuni," nikamjibu, nikampa fomu yake.