Ulimi wa shimo la nne

Niseme mapema ili nisilaumu chombo: ulimi ule wa hamonika, kile kipande chembamba cha shaba kinachotikisika na kutoa sauti, niliukata kwa pumzi zangu mwenyewe. Hamonika yangu ni ya mashimo 10, ufunguo wa C, na ile noti ya kuvuta pumzi shimo la nne naipenda kuipinda (kuishusha kwa mdomo) mpaka ilie kama mtoto aliyenyimwa andazi. Ilianza kwa kushuka sauti kidogo. Nikalaumu masikio. Kumbe ulimi ukishuka wenyewe, mara nyingi umeshatiwa ufa shinani. Jioni moja ukafanya "tik", kimya.

Wajuzi wakazuka. Mzee jirani akaniambia nikilaze chombo kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha, ati ulimi umekauka. Shaba inakaukaje? Lakini mwenye shida hachagui mganga. Asubuhi kitana cha mti, ile sehemu ya kati yenye mashimo, kilikuwa kimevimba, meno yametokeza mbele, na nilipotia mdomoni nikachubuka.

Rafiki yangu naye akaja na supaglu. Nikafungua mabati ya kufunika, nikakiokota kipande kwa kibano cha nyusi cha mke wangu (hajui hadi leo), nikakigandisha, nikangoja saa mbili nzima kama mtu anayeangua yai. Noti hiyo ni D, hutikisika karibu mara 587 kwa sekunde. Gundi gani itastahimili? Nilivuta mara moja, ikatoka sauti ya nyuki ndani ya chupa, mara ya pili kipande kikachomoka na kuja moja kwa moja mdomoni mwangu. Ulimi juu ya ulimi. Bahati sikumeza.

Dukani wakanishauri ninunue mpya, elfu kadhaa. Nikaenda soko la Kongowea, Mombasa, nikazungukia mitumba hadi nikapata hamonika kuukuu ya C pia, kwa mia mbili au mia tatu, sikumbuki. Bati lake la juu lilikuwa limebonyea, lakini ndimi zote 20 nzima. Hiyo ndiyo ikawa ghala langu la vipuri.

Kutoa ribiti, kile kipini kinachoushikilia ulimi kwenye bamba lake, kulinitoa jasho. Ndimi mbili za kwanza niliziharibu kwa msumari. Msumari una ncha pana, unakunja shina. Kwa ulimi wa tatu nikalilaza bamba juu ya nati kubwa, ulimi ukiangalia chini, ribiti katikati ya tundu la nati, nikatumia sindano ya cherehani iliyovunjika, niliyoisugua ncha ikawa bapa. Pigo moja jepesi, ribiti ikatoka. Nilicheka peke yangu.

Sasa ukaze kwa kitu gani? Ribiti mpya sina. Nilikaa na swali hilo siku tatu, hadi miwani yangu ilipolegea sikio na nikaenda kwa fundi miwani. Nikaona anavyokaza kale kaskrubu! Ka milimita 1.4, na nati yake. Nikamwomba mbili, akanipa bure. Kutanua tundu la bamba na la ulimi nikamwachia sonara wa Mji wa Kale. Alikigeuzageuza kile kibamba, akaniuliza, "Mwanangu, hiki ndicho kilichokutoa mbio hivi?" Nikamjibu, "Ndicho, mzee wangu." Akatoboa akitikisa kichwa.

Kichwa cha skrubu ndani, nati nje upande wa ulimi. Mkia uliozidi usugue kwa tupa, la sivyo utagusa bati la kufunika; langu liligusa. Ukikaza nati, ulimi hugeuka nayo, ukaanza kukwaruza kingo za tundu lake. Liinue bamba mbele ya taa: unataka mistari miwili ya mwanga, kushoto na kulia, iliyo sawa. Palipo giza, pamegusa. Sogeza shinani kwa ncha ya kisu, usiguse ncha ya ulimi. Ulimi wangu ulikuwa mpana kidogo, nikausugua ubavuni, na vichengechenge vilivyobaki vikanizomea siku nzima kabla sijaviona kwa kioo cha kukuza.

Halafu sauti. Programu ya simu ikanionyesha niko chini. Nikakwangua karibu na shina, ikashuka zaidi. Nikakwangua tena, ikaelekea C! Nilikuwa nafanya kinyume. Kukwangua nchani ndiko kunakopandisha, shinani kunashusha. Weka kipande cha kopo la soda chini ya ulimi, kwangua mara mbili tatu tu, pima, kisha pumzika, maana ulimi uliopata joto hudanganya. Ncha nayo iinuke juu ya bamba kiasi cha unene wa karatasi; ikizidi, pumzi inapotea bure, ikipungua, noti inakwama.

Simu ilipotosheka, sikio langu halikutosheka. Nikavuta shimo la kwanza na la nne pamoja, la pili na la tatu nimeyaziba kwa ulimi, huu wa nyama. Zote mbili ni D, ya chini na ya juu, oktavo moja kati yao. Zilikuwa zinayumba wawawawa. Nikakwangua kwa pumzi ya kunguni, nikavuta tena. Ikakaa kimya, mstari mmoja.

Kitana bado kimevimba. Meno yake nitayasugua wikendi hii, na mzee jirani ameshaniuliza mara mbili kama maji yalisaidia.