Jinsi Nilivyodhibiti Kache ya Faili za Umma katika Hifadhi ya Wingu

Nilikuwa nimeweka faili ya ratiba katika hifadhi ya wingu, nikaifungua kwa umma na kuwagawia watumiaji kiungo chake. Kosa la tarehe lilipoonekana, nilipakia toleo lililosahihishwa kwa jina lilelile; lakini baadhi yao waliendelea kusoma tarehe ya zamani, ilhali mimi, niliyekuwa nikiifungua kupitia akaunti yangu, niliona toleo jipya.

Nilipochunguza vichwa vya jibu la HTTP, yaani maelezo ambayo seva hutuma pamoja na faili, kwa amri ya curl -I inayovionyesha, nilikuta Cache-Control: public, max-age=3600, agizo ambalo sikuwa nimeliandika. Huduma niliyotumia huliweka yenyewe kwa faili ya umma ambayo mwenyewe hakuiwekea agizo lolote, na maana yake ni kwamba kivinjari, pamoja na seva yoyote ya kati, kinaruhusiwa kutunza nakala katika kache, yaani hifadhi yake ya muda, na kuitumia kwa sekunde 3,600, yaani saa nzima, bila kuuliza kama faili asilia imebadilika.

Nilibadilisha metadata ya faili, yaani maelezo yanayoambatana nayo, nikaandika no-cache. Jina hilo, kwa maoni yangu, linapotosha, kwa kuwa halikatazi kutunza nakala; linachodai ni kwamba nakala isitumike kabla ya kuthibitishwa na seva, ambayo ikikuta ETag, alama inayotambulisha toleo la faili, haijabadilika hujibu 304, yaani “haijabadilika”, bila kutuma faili upya. Agizo linalokataza kutunza kabisa ni no-store. Kwa ratiba inayosahihishwa mara kwa mara, la kwanza linatosha, tena linaokoa data ya msomaji.

Hata hivyo, nakala zilizokwisha kutoka hazikusikia agizo jipya, kwa sababu kila moja ilikuwa imebeba ruhusa yake ya saa nzima. Kwa kuwa sikutaka mtu yeyote afike siku isiyo yake, nilipakia ratiba kwa jina jingine na kutuma kiungo kipya siku ileile.

Niliposahihisha ratiba kwa mara ya pili, max-age=3600 ilirudi. Kupakia juu ya faili ya zamani huunda faili mpya yenye metadata yake, na mpangilio wa awali haurithiwi. Ndiyo maana sasa agizo limo ndani ya amri yenyewe ya kupakia, wala si hatua ya baadaye inayoweza kusahaulika. Picha, ambazo kila toleo lake ninalipatia jina jipya, nimeziwekea max-age=31536000, yaani mwaka mmoja.

Jambo linalonigusa zaidi ni faili zenye taarifa za watu. Kuondoa ruhusa ya umma hakuzifuti nakala zilizomo katika kache za wengine hadi muda wake uishe, kwa hiyo faili za namna hiyo huziwekea no-store kabla ya kiungo kumfikia mtu wa kwanza.