Nilivyofunga redio za LoRa kwa mitumbwi ya dagaa Igombe

Mitumbwi ya dagaa ikitoka mwaloni Igombe, Mwanza, usiku na kuingia ndani ya Ziwa Victoria, simu hukata mtandao. Nilichofunga ni redio ndogo za LoRa (teknolojia ya kurusha data kidogo mbali kwa umeme mdogo) zenye programu ya Meshtastic, inayoziunganisha kuwa mtandao mmoja. Hazitaki laini wala bando: kila kifaa hudaka ujumbe wa maandishi na kuurusha tena ili cha mbele kiupate. Sauti hazipitishi.

Mitumbwini niliweka bodi za Heltec V3, na kwenye kituo cha juu ya jabali bodi ya RAK4631. Sababu ni umeme. Chipu ya ESP32 ya Heltec hula sana, betri ya 18650 (ya duara, inayochajika) ya mAh 3000 huisha kwa siku moja na ushee. Yenye chipu ya nRF52840 ya RAK hukaa siku kadhaa, hivyo paneli ndogo ya sola inaitosha. Bodi na antena vyote viwe vya masafa ya 868 MHz. Za 433 zinafanana nazo kabisa kwa macho.

Funga antena kwanza, ndipo uwashe; kurusha bila antena kunaweza kuunguza chipu ya redio. Betri nayo ipime kwa mita kabla ya kuchomeka, maana nyingine huja na chanya na hasi zimegeuzwa. Kisha fungua flasher.meshtastic.org kwa Chrome, chagua bodi, pakia programu. Kompyuta isipoiona bodi, badilisha waya: nyingi za madukani ni za chaji tu.

Kwenye programu ya Meshtastic ya simu, iliyounganishwa na bodi kwa Bluetooth, weka eneo la masafa, bila hilo kifaa hakirushi chochote. Nilitumia EU_868 (mpangilio wa Ulaya), inayokizuia kurusha zaidi ya asilimia 10 ya kila saa. Masafa hapa yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwa hiyo waulize kabla ya kufunga vya kudumu. Chaneli ya mwanzo ina ufunguo unaojulikana na kila mtu. Tengeneza yako, wagawie wenzako kwa msimbo wa QR.

Kazi yenyewe iko kwenye kimo. Ziwani hakuna majengo, lakini dunia ina mviringo. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.1: hizo ndizo kilomita hadi upeo wake. Antena ya mtumbwi, mita 1 juu ya maji, inafika km 4. Ya jabalini, mita 25 juu ya ziwa, inafika km 20. Zikitazamana unapata km 24 kwa hesabu, na uhalisia huwa chini yake. Mtumbwi kwa mtumbwi ni km 8 tu. Ndiyo maana kituo kimoja juu ya jabali ni bora kuliko redio kumi za ziada majini, mradi kikae upande unaotazama ziwa. Mwamba ukikaa katikati, mawimbi hayapiti. Kituo hicho kipe jukumu la ROUTER (kirudiaji kikuu), mitumbwi ibaki CLIENT (kifaa cha kawaida). Vifaa vyote vikiwa ROUTER, hewa hujaa marudio na ujumbe hugongana.

Boksi la plastiki la chakula linafaa, mshono wa waya ukizibwa kwa silikoni. Toboa tundu dogo chini: joto la mchana na ubaridi wa usiku huleta umande ndani, na maji yasipopata pa kutokea hutuama kwenye bodi. Mvua ya radi ikikaribia, usipande jabalini kurekebisha chochote.

Manahodha waelezwe jambo moja kabla hawajatoka: alama ya kufika kwenye ujumbe wa kundi inaonyesha tu kwamba kifaa kimojawapo kimeusikia na kuurudia. Haimaanishi kuna mtu ameusoma. Injini ikizimika, watume tena mpaka mtu ajibu kwa maneno.