Njiwa wetu na Akinyi walizaliwa mwaka uleule

"Ana umri gani?" daktari wa mifugo aliniuliza, huku amemshika njiwa wangu kwa mikono miwili. Nikakosa jibu. Ndege niliyemmwagia mtama kila asubuhi hapa Migosi, Kisumu, sikujua ana miaka mingapi.

Nilikuwa nimempeleka kwa sababu tangu Juni 2024 alikuwa haruki tena hadi kwenye paa. Alikaa tu juu ya tofali karibu na mlango wa jikoni, macho nusu yamefumba. Nilidhani ni kideri, ule ugonjwa unaoua kuku. Nikanunua dawa ya kuku kwenye agrovet, nikamtilia kwenye maji siku tano, bila mabadiliko yoyote. Jirani akaniambia njiwa asiyeruka ni mchuzi. Neno hilo liliniuma sana.

Mama ndiye aliyenipa jibu jioni ile. Mvua za masika za mwaka 2012 zilimwangusha kinda huyu kutoka kiotani, na Mama akamlea, akimtia mdomoni ndengu zilizolowekwa, moja moja. Mgongoni alikuwa amembeba binti yangu Akinyi, wa miezi miwili, ndiyo maana ndege akaitwa Nyakwara, yaani mjukuu wangu kwa Kijaluo. Kumbe Akinyi na Nyakwara wamekua pamoja! Wote wawili walikuwa na miaka 12.

Nilikuwa nimesikia watu wakizidisha umri wa mbwa kwa saba, nami nikafanya hivyo, nikapata 84. Hesabu ilinikataa. Yai la njiwa huanguliwa kwa siku 17 au 18, kinda hutoka kiotani akiwa na wiki nne hivi, na akifika miezi sita tayari anatafuta mwenzi. Ukimzidishia saba huyo wa miezi sita, unapata mtoto wa miaka mitatu na nusu. Mtoto wa umri huo ataatamiaje mayai? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ndege huupita utoto mbio, halafu hukaa katika utu uzima miaka na miaka. Hakuna namba moja ya kuzidishia.

Na kila aina ina kipimo chake. Baji, wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia, wengi huishi miaka mitano hadi kumi, kwa hiyo baji wa miaka 12 ni mkongwe kabisa. Kasuku wa kijivu, ambaye siku hizi hapa Kenya ni nadra kumwona hata katika msitu wa Kakamega, akitunzwa hufika miaka 40 au 60. Yeye akiwa na miaka 12 bado ni kijana. Njiwa wa kufugwa hufikisha 15, na wapo wanaopita 20. Wale wanaookota makombo mjini, kati ya magari na mwewe, wengi hawamalizi hata mitano. Nyakwara basi alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu. Mama yangu alikuwa na 74. Nilipomwambia alimtazama ndege kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nyathina (mwanangu), kumbe huyu ni rika langu."

Kilichonidanganya ni sura yake. Sisi tunaota mvi, lakini njiwa hunyonyoka manyoya kila mwaka na kuota mapya, kwa hiyo mzee na kijana wanavaa nguo mpya sawasawa. Tena ndege huficha udhaifu wake, maana mwewe huanza na yule anayechechemea. Dalili zilikuwepo, ila mimi sikuzisoma: kucha zilizorefuka kwa kukosa mwendo, miaka miwili bila yai, na kusukumwa na madume vijana penye chakula.

Daktari alimpapasa miguu, akasema viungo vimekakamaa, hana kideri. Niliacha dawa. Nilimhamishia kwenye kibanda chake, sentimita 30 tu kutoka chini, na badala ya fito la duara nikampigilia ubao bapa ili asilazimike kukunja vidole. Mahindi namvunjia, maji yako kwenye sahani pana, na kando yake naweka changarawe pamoja na maganda ya mayai yaliyosagwa. Usiku nafunika kwa chandarua, kwa kuwa mbu wa huku huwaambukiza njiwa ndui. Baada ya wiki tatu alianza tena kuguruma asubuhi. Paani hajarudi, nami simlazimishi.

Mama huweka kiti chake karibu na kile kibanda saa kumi jioni, jua likishapungua makali. Akinyi naye amewavika makinda wawili wapya pete za plastiki za kijani, na tarehe waliyoanguliwa ameiandika kwa chaki ndani ya mlango wa banda.