Mkono wa kushoto umeniumbua leo

Nimetoka kwenye piano sasa hivi, vidole vinauma.

Miezi minne napiga melodi kwa mkono wa kulia, najiona fundi. Wa kushoto niliuachia besi, kazi ya nyuma tu.

Leo mwalimu kasema: "Wa kulia weka mapajani. Piga wa kushoto peke yake."

Jamani! Kidole cha pete kiligoma kabisa kunyanyuka.

Kisha akapiga yeye, besi tupu, taratibu. Melodi haikuwepo, lakini wimbo wote niliusikia.

(Mpiga piano wa Austria, Paul Wittgenstein, alipoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1914, akaendelea kupiga kwa kushoto. Mimi ninayo yote miwili!)

Wapiga piano, wenu wa kushoto ulianza kutii lini?