Mamba Aliyelala

Mwanangu mdogo, yule mbishi, karudi kutoka ziara ya shule kanuna. "Mama, tumelipa kumwona mamba halafu hakufanya kitu. Kalala tu!" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo nilishawahi kuyasikia Bagamoyo, tena kwa watu wazima.

Ilikuwa safari ya kikoba cha mama, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa. Walikuwa wamevunja kikoba na kugawana akiba, wakakodi Coaster, mahotipoti ya pilau siti ya nyuma, vigelegele kuanzia Bunju. Mimi nilikuwa sekondari, nimechukuliwa kwa sababu lazima awepo mtu wa kubeba mizigo. Kabla ya kufika Kaole, kwenye yale magofu ya kale, tukapitishwa mahali wanapofuga mamba.

Alikuwa ukingoni mwa bwawa la saruji, kinywa wazi kama mlango uliosahauliwa kufungwa. Jua la saa nane. Hapepesi, hatikisiki. Mama mmoja akauliza kama ni wa plastiki. Mwenzake akarusha ganda la chungwa. Ikafuata kokoto, kisha kizibo cha soda kikamgonga puani na kudunda. Kimya. Hapo ndipo manung'uniko ya kiingilio yalipoanza.

Mzee mtunzaji akaja na ufito mrefu, uso umeiva kwa hasira. Nilijua tunafukuzwa.

"Mama zangu, mawe hapana. Huyu akipanua mdomo hivi anajipoza. Hana jasho huyu. Na akishakula, wiki nzima anaweza kulala hivyo hivyo, ndiyo maisha yake."

Mweka hazina wa kikoba akamjibu kwa adabu zote: "Shikamoo babu. Sasa sisi tumekuja kuona nini?"

"Marahaba," akasema mzee, kisha hakuongeza neno. Akatutazama sisi, akamtazama mamba, akatazama getini ambako Coaster nyingine ilikuwa inaingia. Akaupenyeza ule ufito kwenye wavu. Aliupeleka polepole mno. Ukapita juu ya mkia bila kumgusa, ukapita mgongo, ukapita shingo, ukasimama pembeni ya taya. Hakumchoma. Alimgusa tu.

Kinywa kikafumba kwa kishindo, mkia ukapiga maji, madera yakaloa mpaka kiunoni. Mayowe, vicheko, "Subhanallah!", mtu kapoteza kandambili.

"Mkiani ukimgusa hajali," mzee akasema huku akiutoa ufito. "Ni hapo tu."

Miaka baadaye nilisoma kwamba ngozi ya mamba ina vidoti vidogo vya kuhisia, na vimesongamana zaidi kwenye taya. Kwa hivyo anahisi hata mtikisiko mdogo kabisa wa maji gizani, akajua kitoweo kiko wapi. Ngozi tunayoiona gamba tupu, pale mdomoni inahisi kuliko ncha za vidole vyetu. Mzee sidhani kama alikuwa amesoma hayo popote. Alikuwa anaijua tu ile sehemu, na ndiyo aliyoitumia.

Wakamtunza noti ya elfu mbili. Na lazima niseme hili: baada ya pale hakuna aliyerusha tena hata punje ya mchanga. Ufito mmoja badala ya mawe mangapi? Nikimtetea mzee nafsi inanibishia. Nikimlaumu, namkumbuka mweka hazina na swali lake, na ile Coaster ya pili. Hao nao sijui aliwafanyia nini.

Kaole tuliingia jua limeshapoa. Msikiti wa karne ya 13, makaburi ya mawe ya matumbawe, kisima cha kale. Akina mama wale wale wakajitanda khanga, wakavua viatu, wakanong'ona dua kwenye kaburi la Sharifa, mwanamke anayeheshimiwa pale, na kuacha sadaka. Hakuna aliyerusha kokoto kuona kama kuna atakayeamka, ingawa huko nako tulilipa kiingilio.